Msimu Umo Kwenye Kitambaa: Kabati la Kujishonea Linavyopangwa

Hali ya hewa ikikaribia kubadilika, picha zilezile hurudi kwenye simu zetu. Nguo kumi na mbili zimetundikwa kwenye henga, rangi zinapatana kama watoto wa tumbo moja, na chini yake mwenyewe kaandika kwamba zote kazishona nyumbani. Mwenye cherehani anapata hamu, asiye nayo anaanza kuulizia. Halafu maswali yanamiminika na majibu yanagongana. Huyu anasema nunua kitambaa kwanza, yule anasema chagua mtindo kwanza. Huyu nguo kumi zinamtosha, yule ishirini anaziona chache. Mmoja anaapa kwamba kujishonea ni nafuu, mwenzake anaapa kwamba ni njia ya haraka ya kumaliza hela. Mtu anaiweka simu chini akiwa amechanganyikiwa kuliko alipoishika.

Tuanze na maneno, maana vurugu nyingi zinatoka huko. "Kabati" katika mazungumzo haya si lile la mbao. Ni kundi la nguo zilizokusudiwa kuvaliwa kwa kuchanganywa, kila moja ikiwa na wenzake. "La msimu" maana yake kundi hilo linahudumia kipindi kimoja cha hali ya hewa, iwe joto, baridi au mvua. Na "la kujishonea" haimaanishi ushone kila kitu mpaka soksi. Ukishona nguo nne zinazoziba mapengo ya kabati lako, umeshashona kabati la msimu.

Yako maneno mengine matatu tutakayokutana nayo. Kiolezo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kipande cha nguo: kipande cha mbele, cha nyuma, mkono, kola. Nafasi ya mshono ni ule ukingo unaoachwa nje ya mstari wa kushona, mara nyingi sentimita 1 au 1.5. La tatu ni ulegevu, yaani tofauti kati ya kipimo cha mwili na kipimo cha nguo. Mwenye kifua cha sentimita 92 akishona shati la kitambaa kisichovutika lenye sentimita 92 kamili, vifungo vitafungika, lakini asijaribu kuvuta pumzi. Anahitaji sentimita nane mpaka kumi za ziada. Koti linahitaji zaidi, kwa sababu litavaliwa juu ya nguo nyingine. Kitambaa cha jezi, kile cha fulana, kinavutika, kwa hiyo nguo yake inaweza hata kuwa ndogo kuliko mwili.

Sasa, msimu wenyewe uko wapi? Wengi hudhani uko kwenye mtindo: mikono mifupi ni ya joto, mirefu ni ya baridi. Chukua kiolezo kimoja cha shati la mikono mirefu. Kikate kwa kitani chepesi, liache lilegee kidogo, utalivaa juani likukinge bila kukuchemsha. Kiolezo kilekile ukikikata kwa flaneli, ile pamba iliyokwanguliwa ikatoka manyoya mafupi, umepata nguo ya asubuhi ya baridi. Karatasi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kitambaa, na hapo ndipo msimu ulipo.

Sababu yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Nguo haitengenezi joto. Joto ni la mwili wako, nguo inalizuia tu lisitoroke, na kinachozuia hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kati ya nguo na nguo. Ndiyo maana blanketi la manyoya linapasha kuliko shuka mbili zenye uzito sawa nalo. Ndiyo maana pia shati jepesi, sweta na koti lisilo zito kwa pamoja hushinda koti moja nene: kila pengo kati yao lina hewa, na jua likitoka unavua moja moja. Kwa mshonaji, jambo hili ni la vipimo. Kama koti litakaa juu ya sweta, jipime ukiwa umevaa sweta. Wengi hujipima wakiwa na fulana tu, wakamaliza koti zuri lisilopita mabegani siku ya baridi kali.

Kwenye joto hesabu inageuka. Unataka hewa ipite na jasho liondoke. Hapa nyuzi zinatofautiana sana. Zikipimwa kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, sufu hubeba maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake, kitani karibu 12, pamba karibu 8, na poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Poliesta haina pa kuliweka jasho lako, ndiyo maana blauzi yake nyembamba inaweza kukutesa kuliko shati la pamba lililo nene kidogo. Reyoni, ambayo hutengenezwa kwa rojo la mti, hunywa unyevu vizuri na huanguka mwilini kwa madaha, ila ikilowa inapoteza nguvu, kwa hiyo usiikamue kama unayekamua dekio.

Hapo utaona kwa nini ule usemi kwamba pamba ni ya kila msimu una walakini. Pamba ni rafiki wa joto kavu. Ikilowa kwa mvua na upepo ukavuma, inang'ang'ania ngozi, inachelewa kukauka na inakupoza wakati unataka joto. Kwa siku za mvua, ile poliesta tuliyoisema vibaya hivi punde ndiyo inayofaa kwa koti la juu, kwa sababu inakauka upesi. Na sufu nayo inaonewa. Watu wakisikia sufu wanaona sweta linalowasha, lakini iko sufu nyembamba laini ambayo watu huivaa hata kwenye joto.

Utajuaje kitambaa ni kipi wakati kibandiko kimepotea au muuzaji mwenyewe hana hakika? Kifinye kwa ngumi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha kiachie. Kitani kitabaki na makunyanzi kama uso uliolia, poliesta itarudi kama hakuna kilichotokea. Kinyanyue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako vizuri, jua sketi yake itahitaji bitana, yaani kitambaa cha pili cha ndani. Ukishafika nyumbani, chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibano juu ya sahani na uziwashe. Pamba na kitani hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu jeusi, na tone hilo likiwa la moto usiliguse. Kitambaa kilichochanganywa kitakupa dalili za pande zote mbili.

Twende kwenye hesabu, ambayo ndiyo watu huiruka. Swali la "nguo ngapi" halina jibu moja, kwa sababu linategemea siku zako. Hesabu wiki yako ya kawaida: siku ngapi za kazi, ngapi za nyumbani, ngapi za kutoka, na unafua mara ngapi. Anayefua mara mbili kwa wiki anahitaji nguo pungufu kuliko anayefua mara moja. Anayeshinda nyumbani siku tano hana sababu ya kushona nguo tano za kazini, lakini utashangaa ni wangapi hufanya hivyo, kwa kuwa tunapenda kumshonea yule mtu tunayetamani kuwa.

Ukishajua siku, tazama namna nguo zinavyozaana. Mashati manne na nguo za chini tatu, zote zikikubaliana, ni mavazi 12. Ongeza koti jepesi linalokwenda na yote, unakuwa na mavazi 24, yaani 12 bila koti na 12 pamoja nalo. Sasa tuseme shati moja kati ya yale manne lina maua makubwa na linakubaliana na sketi moja tu. Mavazi yanashuka kutoka 12 hadi 10. Gauni ukilishona linaongeza vazi moja. Nguo ya chini ya nne, tuseme suruali, ikikubaliana na mashati yote, inaongeza manne. Sisemi usishone gauni, mimi mwenyewe nayapenda. Nasema ujue unachokinunua kwa muda wako.

Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hesabu ya namna hii haikuwa hiari. Kuanzia Juni 1941 nguo ziligawiwa kwa kuponi, na mtu mzima alianza na kuponi 66 kwa mwaka mzima. Kitambaa cha kujishonea nacho kilidai kuponi. Mtu aliyeshika mkasi wakati huo alikuwa ameshaamua kitambaa hicho kitavaliwa na nini, lini, na kikichakaa kitageuzwa kuwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toa nguo zote za msimu ulizonazo uzitandaze kitandani. Tenga zile unazozivaa kweli, zile ambazo kila zikitoka kwenye kamba unazirukia. Ziangalie zina nini: rangi gani, urefu gani, shingo ya namna gani. Halafu tafuta pengo. Mara nyingi pengo halivutii. Ni suruali ya rangi tulivu, au shati la kuvaa ndani ya sweta. Shona hilo kwanza. Gauni la sherehe litasubiri, na hata usipolishona hakuna siku utakayokosa cha kuvaa.

Rangi nayo isikutoe jasho. Chagua mbili tulivu zinazobeba nguo za chini na koti, kisha moja au mbili za kuchangamsha juu. Faida nyingine husemwa kwa nadra: unashona nguo tatu bila kubadilisha uzi.

Kuhusu kiasi cha kitambaa, mfano mmoja wa karibu utasaidia kuliko jedwali zima. Sketi iliyonyooka, mwenyewe ana nyonga za sentimita 104. Ongeza ulegevu wa sentimita 6, inakuwa 110. Mishono ya pembeni ni miwili, kila mmoja unakula sentimita 1.5 upande huu na 1.5 upande ule, jumla 6. Tumefika 116. Kama kitambaa kina upana wa sentimita 115, sketi haiingii kwa upana mmoja, na kwa sentimita hiyo moja italazimu ununue urefu mara mbili. Kitambaa cha upana wa 150 kinaimeza na kubaki. Ndiyo maana bei ya mita moja peke yake haikwambii kitu mpaka uulize na upana.

Kitambaa kikishafika nyumbani, kifue. Kifue kama utakavyoifua nguo yenyewe, kikauke, ukipige pasi, ndipo ukikate. Najua inachosha. Mimi niliwahi kushona suruali ya pamba usiku kucha kwa sababu nilitaka kuivaa asubuhi, na nikaivaa, ikapendeza. Ikafuliwa mara moja. Pamba isiyofuliwa inaweza kurudi asilimia tatu hadi tano, na kwenye suruali ya sentimita 100 asilimia tano ni sentimita tano. Kutoka kisigino ikapanda juu ya kifundo cha mguu, na upindo niliokuwa nimeuacha ulikuwa wa sentimita mbili tu. Mdogo wangu akaniuliza kama tunategemea mafuriko.

Kitu kingine kinachoharibu nguo kabla cherehani haijaguswa ni mwelekeo wa kukata. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu sambamba na ukingo wa kiwandani, na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Chukua leso. Ivute kwa kufuata mtande, haiendi. Ivute kwa mshindio, inakubali kidogo. Sasa ishike pembe kwa pembe uivute: inanyooka kama geti la chuma la kukunja. Huo ndio mshazari. Kila kiolezo kina mstari wenye mshale, na mshale huo unapaswa kulala sambamba na ukingo wa kitambaa. Ukiupindisha ili kubana matumizi ya kitambaa, mguu mmoja wa suruali utaning'inia vizuri na mwingine utajizungusha kuelekea ndani kila unapotembea, na hakuna pasi itakayourekebisha.

Saizi nazo zinawavuruga watu bure. Ebenezer Butterick, fundi wa Marekani, alianza kuuza violezo vya karatasi vya saizi mbalimbali mwaka 1863, na tangu hapo namba za violezo na namba za nguo za dukani zimekwenda njia zake. Saizi yako ya dukani isahau. Chukua futi ya kamba, pima kifua, kiuno na nyonga, usivute tumbo ndani, kisha tafuta vipimo hivyo kwenye kiolezo. Ukiangukia saizi mbili, moja juu na nyingine chini, chora mstari unaotoka moja kwenda nyingine taratibu.

Kisha shona nguo ya majaribio kwa kitambaa cha bei ya chini au shuka kuukuu. Si lazima uishone yote. Kwa shati, mwili na mkono mmoja vinatosha, piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, vaa, inua mikono kama unayeshusha kitu kabatini, kaa, inama. Kiolezo kikishakukaa, usikiache. Hapa ndipo kabati la kujishonea linapokuwa rahisi: kiolezo kimoja cha shati, kitambaa cha misimu miwili mitatu. Shati langu la kwanza lilinichukua wikiendi tatu pamoja na kufumua kola mara mbili. La nne kwa kiolezo hichohicho lilimalizika kwa siku moja na nusu, na watu hawakujua kwamba ni ndugu yake, kwa sababu moja ni kitani cheupe na jingine flaneli ya mistari.

Kuna wanaodhani bila ovaloki, ile mashine inayozungushia uzi kwenye ukingo wa kitambaa usichomoke nyuzi, hakuna nguo. Ovaloki inarahisisha, sikatai, lakini cherehani ya mshono ulionyooka inatosha. Kwa kitambaa chepesi, weka ubaya kwa ubaya, yaani uzuri wa vipande vyote viwili ukae nje, shona karibu na ukingo, punguza nyuzi, geuza, shona tena kwa ndani. Ukingo unajificha katikati ya mishono miwili. Kitu kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni sindano. Namba yake ya kwanza ni unene kwa sehemu ya mia ya milimita: sindano ya 80 ina unene wa milimita 0.8. Vitambaa vyepesi vinataka 60 au 70, vya kati 80, jinzi 90 au 100. Jezi inataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Ukiona cherehani inaruka mishono, kabla ya kumwita fundi badilisha sindano.

Na unafuu? Inategemea unalinganisha na nini. Fulana ya kawaida utaishona kwa gharama inayozidi ya dukani, na hiyo ni kabla ya kuhesabu muda wako. Koti lenye bitana, suruali inayokukaa bila kukatwa, nguo ya mwili ambao maduka hayaufikirii, hapo hesabu inaanza kuelemea upande wako. Kinachokula hela nyumbani kwa washonaji si nguo zilizoshonwa. Ni vile vitambaa vilivyonunuliwa kwa sababu vilikuwa vizuri, vikakunjwa, vikakaa.

Muda ndio mtego wa mwisho. Baridi ikishabisha hodi ndipo watu hukumbuka koti, na koti ndilo linalochelewa kuliko nguo zote, kwa hiyo linamalizika jua likiwa limerudi. Shona msimu mmoja mbele. Koti likatwe wakati wa joto, vitani viguswe wakati wa baridi. Kata nguo mbili tatu siku moja, maana meza ikishatandazwa imetandazwa, halafu shona pamoja zile zinazotumia uzi wa rangi moja. Hesabu vifungo na zipu kabla hujaanza. Kazi nyingi zilizolala nusu zinasubiri kifungo kimoja.

Msimu ukiisha, fua kila kitu kabla ya kukiweka, sufu hasa, kwa sababu viluwiluwi vya nondo hupenda penye jasho na madoa. Kabla ya kukunja, livae kila vazi mara moja mbele ya kioo ukiwa na kalamu, na uandike juu ya bahasha ya kiolezo yale uliyoyagundua kwa kulivaa. Bahasha ya shati langu sasa imejaa: "Bega la kushoto limeshuka, punguza nusu sentimita. Kwa flaneli ongeza sentimita mbili kifuani. Mkono mrefu mno. Mfuko upande mmoja tu, ule wa pili hujawahi kuutia kitu."